Acheni Kuuliza Lini, Ulizeni Fungu

Mfyuu! Kila mheshimiwa akipanda huku kwetu Newala, mkoani Mtwara, kipaza sauti kinapokezanwa mkono hadi mkono na swali linatoka lilelile: "Lami lini?" Naye mheshimiwa anatabasamu, maana hajawahi kuulizwa swali jepesi kuliko hilo. Lini? Karibuni. Lini? Mchakato unaendelea. Lini? Mwaka wa fedha ujao, Mungu akipenda. Vigelegele, makofi, "Mtwara kuchele!", msafara huyoo, vumbi linabaki kwenye vitumbua.

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Deni hilo analipa nani, na kwa hela ipi, wahenga hawakusema. Ndiyo shughuli iliyotuchelewesha juzi kijiweni, pale karibu na stendi. Alikuwepo dereva wa Fuso aliyeshusha saruji, kijana wa bodaboda aliyepandisha abiria kutoka Masasi, Mwalimu mstaafu ambaye akianza hazuiliki, mzee mmoja mwenye mikorosho yake upande wa Tandahimba, na mama muuza chai, ambaye kwa kawaida hachangii mada mpaka mtu adaiwe.

Aliyechokoza ni bodaboda na simu yake. Alikuwa anaangalia video ya barabara za Marekani, magari njia sita kwenda na sita kurudi, madaraja yamepandiana juu ya madaraja.

"Shikamoo Mwalimu, hebu ona wenzetu," akasema. "Hawana siasa. Wakitaka barabara wanajenga. Sisi kutoka hapa kwenda Masasi tu mtu unafika umekuwa mwekundu kuanzia nywele mpaka soksi."

"Marahaba," Mwalimu akaitikia, kisha akasonya msonyo mrefu, ule wa kufuta ubao. "Nani alikudanganya kwamba Wamarekani hawakungoja?"

Akaanza. Mwaka 1919 jeshi la Marekani lilituma msafara wa malori kutoka Washington hadi San Francisco, kupima tu kama nchi inapitika. Ulichukua siku 62. Magari yalizama kwenye matope na mchanga, madaraja ya mbao yakavunjika chini ya uzito. Ndani ya msafara ule alikuwemo ofisa kijana aitwaye Dwight Eisenhower. Vita Kuu ya Pili ikampeleka Ulaya, akaziona barabara pana za Wajerumani, roho ikamuuma.

"Akarudi akajenga," akadakia bodaboda.

"Tulia. Mwaka 1944 Bunge lao lilipitisha sheria ya mtandao wa barabara kuu, maili 40,000, hizo ni zaidi ya kilomita 64,000. Ramani ikachorwa, safi kabisa. Kitu kimoja tu kilikosekana ndani ya sheria ile."

"Hela," akasema dereva wa Fuso bila kuinua macho kwenye kikombe.

Hela. Walikuwa na ramani, wahandisi, makatapila na nchi iliyoshinda vita, na bado ramani ile ikakaa miaka 12 kazi ikienda kwa kuchechemea. Mpaka tarehe 29 Juni 1956, Eisenhower akiwa sasa rais, ikasainiwa sheria nyingine. Hiyo haikuanza na njia ipite wapi. Ilianza na nani atalipa. Serikali kuu ibebe 90 katika kila dola 100, jimbo litoe 10 zilizobaki. Kodi ya mafuta ipande kutoka senti mbili hadi tatu kwa galoni, na makusanyo yake yaingie kwenye mfuko wa barabara wenye kufuli lake. Mwendesha gari akijaza mafuta, ameshajenga kipande. Hapo ndipo greda likanguruma.

Na msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Walikadiria serikali kuu itumie kama dola bilioni 25 na kazi iishe kwa miaka kumi na mitatu hivi. Ilichukua zaidi ya 35, na sehemu ya serikali kuu ikapita bilioni 110, mfumuko wa bei umo humohumo. Dereva wa Fuso alipiga mluzi. Alifurahi sana kusikia kwamba na Mzungu huwa anakosea makadirio.

"Hizo za zamani," bodaboda hakukubali. "Siku hizi je?"

Mwalimu akamtolea mfano wa barabara yao namba 69, inayotakiwa kurefushwa ianzie mpaka wa Kanada na kuishia mpaka wa Mexico. Bunge lao liliiweka kwenye orodha ya njia za kipaumbele mwaka 1991. Kipande cha jimbo la Indiana, kutoka Evansville hadi Indianapolis, kilipata uamuzi wa njia ipite wapi mwaka 2004 baada ya utafiti wa mazingira, udongo wa kwanza ukachotwa 2008, na gari likapita mwanzo hadi mwisho mwaka 2024. Tangu orodha mpaka lami, zaidi ya miaka thelathini. Na huko ni kwenye jimbo lililojipatia fedha. Ukiteremka Mississippi, Arkansas na Louisiana, sehemu kubwa ya njia hiyohiyo bado ni mstari wa wino kwenye karatasi, kwa sababu fungu halijapatikana.

"Kumbe Arkansas nako kuna kijiwe kama hiki," akasema mzee wa mikorosho.

"Na mheshimiwa wao anawaambia karibuni."

Tukacheka. Lakini mimi kicheko kilinikwama, maana niliona ugonjwa wetu uko wapi. Tunaipigania barabara kana kwamba iko mikononi mwa mwenye greda, kumbe greda ni la mwisho kufika. Kabla yake kuna upembuzi yakinifu, wa kujua kama barabara ina faida. Kuna usanifu wa kina, wa kujua mlima unashukwa vipi na maji yanaelekezwa wapi. Kuna tathmini ya mazingira inayopita kwa wasimamizi wa mazingira. Kuna uthamini wa mali za watu. Kuna zabuni. Na kila hatua kati ya hizo inakula hela kabla hujaona hata kokoto moja. Ukisikia "tupo kwenye upembuzi" ujue bado hata bei ya kitu chenyewe haijajulikana.

Chukua hii yetu. Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala ni kilomita 210. Wapo wanaouliza kwa nini serikali ihangaike, wakati Mtwara na Masasi zimeunganishwa siku nyingi kwa njia ya Mingoyo na Ndanda. Anayeuliza hivyo hajawahi kuwa na korosho ghalani Newala. Njia ile inazunguka uwanda wa Makonde kwa chini; sisi tuko juu, na korosho ziko juu. Msimu unafunguka Oktoba, minada inaanza, na magunia yakiwa bado yanasubiri usafiri, mvua za Desemba zinashuka. Mchanga wa Makonde ukiloa ni habari nyingine, ukikauka ni habari nyingine, na zote mbili ni mbaya kwa lori la tani thelathini. Juu ya hapo, uwanda wenyewe ni mchanga na udongo mwekundu. Mawe ya maana yako kwenye ile milima ya Masasi. Kwa hiyo hata kokoto ya kuijenga barabara ya Newala inabidi isafirishwe, na kila safari ina bei yake.

Sasa hesabu. Kilomita 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, zilijengwa kwa fedha za serikali yenyewe. Kilomita 160 zilizobaki, Mnivata–Newala–Masasi, zikasubiri mpaka Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha mkopo wa dola zipatazo milioni 116 mwishoni mwa mwaka 2021. Mikataba ikasainiwa 2023 na makandarasi wawili kutoka China: mmoja kilomita 100 za Mnivata hadi Mitesa, mwingine kilomita 60 za Mitesa hadi Masasi pamoja na daraja la Mwiti. Mmeona? Kelele zetu za "lini" zilikuwepo miaka yote. Makatapila hayakuja kwa kelele. Yalikuja fungu lilipopata jina.

Mwalimu akachukua kijiti akaandika mchangani. Dola milioni 116, ukizigeuza kwa bei ya dola ya wakati ule, ukagawa kwa kilomita 160, unapata zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu kwa kila kilomita. Na huo ni mkopo peke yake.

"Kwa hiyo siku nyingine," akasema, "ukisomewa kwamba barabara ya kwenu imetengewa milioni mia tano, usipige vigelegele. Hizo ni mita mia tatu. Lami itaanzia hapa stendi, itaishia kabla hujabadilisha gia."

Bodaboda alikuwa na hoja, na ilikuwa nzuri. "Mwalimu, na mimi si najaza mafuta kila siku? Si nakatwa tozo ya barabara kama huyo Mmarekani? Yangu inakwenda wapi?"

Hapo ndipo penye utamu, na hapo ndipo vijiwe vingi vinapopita bila kuona. Kweli tunao Mfuko wa Barabara, na kweli unakula kutoka kwenye kila lita. Lakini sheria yetu inautaka mfuko huo utumie asilimia 90, au zaidi, kwa matengenezo, na isizidi asilimia 10 kwa maendeleo. Mmarekani aliweka tisini yake kwenye kujenga mpya. Sisi tumeweka tisini yetu kwenye kutunza zilizopo. Kwa hiyo lita ya bodaboda inaziba mashimo, inafyeka nyasi na kuzibua kalavati za TANROADS na za TARURA. Lami mpya ya Newala haimo humo. Lami mpya inatoka kwenye bajeti kuu ya serikali, inakogombaniwa na madarasa, dawa na mishahara, au inatoka kwa mkopeshaji.

"Basi wabadilishe sheria," akasema bodaboda.

"Wabadilishe, halafu iliyopo ife?" Dereva wa Fuso akaingilia, na yeye ana haki ya kusema, maana barabara ndiyo ofisi yake. Akakumbusha Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, Somanga na maeneo ya jirani. Lindi na Mtwara zikabaki kisiwa, malori yakapanga foleni, mafuta na bidhaa zikakwama. "Lami ilikuwepo. Maji yalipitia wapi? Chini ya barabara. Lami bila kalavati la kutosha ni zulia tu. Mimi nataka ile tisini ya matengenezo ibaki palepale."

Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo. Hata Mmarekani mwenyewe kufuli la mfuko wake limemshinda. Kodi yao ya mafuta ilifika senti 18.4 kwa galoni mwaka 1993 na imekaa palepale, vitu vyote vikipanda bei, mpaka tangu 2008 wanalazimika kuujazia mfuko huo kutoka hazina kuu. Wanasiasa wao wanapenda kukata utepe. Kupandisha senti moja ya mafuta hawapendi. Mfyuu! Ugonjwa ni uleule, hospitali ndiyo tofauti.

Dereva hakuwa amemaliza. "Mnataka kujua hela ikitangulia inakuwaje? Lile bomba la gesi." Kijiwe kikanyamaza kidogo, watu wa Mtwara hatulizungumzii bomba lile bila kumeza mate. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, kutoka kwetu hadi Dar es Salaam. Mkopo wa China wa dola bilioni 1.2 ulikuwa mezani, kazi ikazinduliwa Novemba 2012, na Oktoba 2015 likafunguliwa. Mito ileile ya Kilwa na Rufiji, misitu ileile, mvua ileile. Miaka mitatu. Anayesema Kusini hakujengeki kwa sababu ya jiografia, amwambie huyo aliyelaza bomba.

Mzee wa mikorosho akakohoa, kile kikohozi cha kuomba nafasi ya kusema. "Mnasema fungu, fungu. Mimi nimeona fungu likija na likaondoka."

Alizungumzia karanga. Baada ya vita, Waingereza walikuja na mradi wao Nachingwea, na pesa haikuwa tatizo kabisa. Matrekta yakashushwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandazwa kwenda bara. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Tuliyobaki nayo ni bandari. "Pesa ilikuwepo," akasema mzee. "Lakini hakuna aliyemuuliza mwenye shamba kama udongo ule unataka karanga. Kwa hiyo mimi maswali yangu ni mawili. La kwanza, hela ya nani. La pili, barabara inabeba nini."

Akaongeza kwamba yetu ya sasa jibu la pili inalo: inabeba korosho kushuka bandarini, na ikifika Masasi inashikana na lami ya Tunduru na Songea, na ile ya Mangaka inayoteremka Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, lililofunguliwa 2010 kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Newala haitakuwa tena mwisho wa njia. Bodaboda wa Masasi, kwa utani wa kwao, akasema Newala itabaki kuwa mahali pa watu kupitia wakienda Masasi kula vizuri. Nusura amwagiwe chai.

"Halafu huu mchepuko wa mkandarasi ndio unatumaliza," akalalamika, "vumbi, mashimo, shokapu kila wiki."

"Si mliambiwa mbaki njia kuu, michepuko sio dili?" akajibu dereva.

Kicheko kilipotulia tukaingia kwenye alama ya X, ile inayochorwa kwenye kuta za nyumba zilizo njiani, na hapo hakuna aliyecheka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ukiwekewa X nyekundu, maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara: bomoa, ondoka, hulipwi. X ya kijani, barabara ndiyo imekufuata wewe: unathaminiwa na kulipwa. Majirani wawili, ukuta mmoja, rangi mbili. Na kwenye uwanda huu mali ya mtu mara nyingi si nyumba, ni mkorosho. Mthamini anauhesabu umri wake na hali yake, anaandika, anapita. Lakini mkorosho aliupanda baba, anauvuna mtoto, na mjukuu keshautajia ada ya shule. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Ikichelewa zaidi ya miezi sita, inadaiwa riba. Wangapi kati yetu wanaijua hiyo riba? Tunaijua riba ya mikopo ya kausha damu tu.

Mwalimu akasema Wamarekani nao walipita humo, tena vibaya. Barabara zao za mijini zilichomekwa katikati ya mitaa ya watu weusi, Rondo kule St. Paul, Overtown kule Miami. Nyumba, maduka na makanisa vikaenda, kwa sababu hao ndio waliokuwa hawana mtu kwenye meza ya kupanga. Sheria ya kulazimisha tathmini ya mazingira na kusikiliza wananchi ilianza kutumika Januari 1970, na ya kuwahamisha watu kwa utaratibu ikaifuata. Siku hizi wanalalamika kwamba utaratibu huo unachelewesha barabara. Unachelewesha, ndiyo. Ila waulizwe watu wa Rondo kama wangependa barabara ile icheleweshwe.

Kwa hiyo ndugu zangu, mwenye masikio. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika Juni. Hotuba ya Wizara ya Ujenzi inataja barabara kwa jina, kilomita zake na shilingi zake. Jina likiwemo bila shilingi za maana, umepewa salamu. Mwaka 2023, mwezi Juni, pale Dodoma zilisainiwa kwa mpigo barabara saba, kilomita 2,035, mojawapo ya kwetu hii ya Masasi–Nachingwea–Liwale, kilomita 175, kwa utaratibu wa mkandarasi kusanifu, kujenga na kutafuta fedha yeye mwenyewe, serikali imlipe baadaye. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza akikosa fedha itakuwaje. Sahihi ni wino jamani, lami inanunuliwa. Akija mheshimiwa, mshike hapo: fungu gani, la mwaka upi, limeshatolewa kiasi gani kati ya kilichotajwa, na watu wa X ya kijani wamelipwa wangapi. Uone kama tabasamu litabaki.

Mwalimu akageuka kwa mama wa chai. "Wewe mama, umekaa kimya. Banda lako hili si liko barabarani? X itakukuta."

Mama alikuwa anaosha vikombe. "Haitanikuta. Wale wapimaji walipokuwa wanapiga vigingi walikunywa chai hapa. Nikawauliza hiyo mita thelathini yenu inaishia wapi, wakanionyesha. Mlidhani banda nilisogeza nyuma kwa ajili ya kivuli?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Ninyi benchi lenu ndilo liko ndani ya hifadhi. Haya, nani analipia vitumbua vya Mwalimu?"